Kibao

Wamegongomea kibao juu ya friji ya soda:
HAPA HAVUTI MTU.
Shekuwe, mwenye baa, kauliza nani atamfidia
wateja wakihamia ng'ambo ya barabara.
Ngowa wa meza ya tatu kacheka,
kawasha kiberiti chini ya kibao chenyewe:
"Mapafu ni yangu, sikuyakopa kwa serikali."

Mimi sikuulizwa.
Mimi ni trei, ni kitambaa cha kufutia meza,
ni "we Jumwa, lete kisahani cha majivu."

Miaka tisa sijapiga hata pafu moja
na nimevuta za Malindi nzima.
Nikifika Maweni saa nane usiku
mwanangu hugeukia ukutani:
"Mama, nywele zako zanuka watu."

Basi bishaneni. Semeni kodi, semeni uhuru,
semeni Wataliano na yuro zao.
Mimi jana nilivitia visahani vyote ndooni,
nikavizamisha kwenye sabuni,
nikavisahau makusudi.

Leo Ngowa katoka nje na sigara yake,
na mvua hii.
Kanikodolea macho dirishani.

Nimempelekea mwavuli.