Kigingi cha Bafuni

Baba alianguka Jumanne, kabla ya chai.
Hakupiga kelele. Nilichosikia ni beseni
likizunguka sakafuni kama sarafu isiyotaka kulala,
kisha maji, yakiendelea kumwagika bila mwenyewe.

"Nimeteleza kidogo," akasema, amelalia ubavu,
povu la sabuni masikioni,
mtu aliyewahi kumshika Ngurumo kwa kamba moja
pale Khayega, isukuti zikilia, umati ukikimbia,
fahali wa kilo mia sita, pembe zimechongwa,
na yeye, Eliakimu Ambundo, peku kwenye tope,
hakuteleza.

Nyonga haikuvunjika. Tulimshukuru Mungu, tukalipa eksirei.

Mimi, mwanawe mwenye haraka,
nilikwenda mjini nikanunua chuma king'aacho
na skrubu nne, fupi kama meno ya mtoto,
nikakibandika kwenye vigae, nikajipongeza.

Jumamosi akaja fundi Shivachi kutoka Lurambi.
Akakitazama. Akakivuta kwa kidole kimoja.
Kikatoka na vumbi jeupe na kipande cha kigae.
"Hiki ni cha taulo," akasema. "Taulo halitelezi."

Kisha akaanza kubisha ukuta kama mgeni mwenye adabu:
ko, ko, ko, hapa pana mwanya, simiti ilinyimwa;
ko, ko, hapa matofali yamechoka;
du.
Du. Akatabasamu. "Hapa pana mtu."

Baba alikuwa mlangoni na mkongojo asioupenda.
"Mnanijengea zizi," akasema.
"Chuma cha wagonjwa kwenye bafu langu?
Nitaogea karai uani, kama zamani, mvua inisuuze."
Na mvua ya Kakamega, saa tisa hasa,
ikayapiga mabati kana kwamba imeitwa.

Fundi hakubishana. Akatoa bolti, nene kama kidole gumba.
"Mzee, Ngurumo ulikuwa ukimfunga wapi usiku?"
"Kwenye kigingi."
"Kinazama kiasi gani?"
Baba akapima, kutoka ncha za vidole hadi kiwikoni.
"Kigingi kisichozama ni pambo," akasema. "Fahali hukicheka."
Kimya. Mvua tu.
Kisha: "Lete nikione hicho."

Kuanzia hapo kazi ikawa yake.
Alikaa kwenye kigoda ndani ya bafu, na koti lake la kanisani,
akainuka, akakaa, akainuka,
mpaka mkono wenyewe ukaonyesha kimo unachokitaka;
fundi akatia alama ya penseli palepale,
si pale nilipopendekeza mimi.
Keekee ikalia. Mbwa wa jirani akaijibu.
Kimoja kikasimama wima karibu na mlango,
kingine kikalala kando ya kigoda,
kitone cha hewa kwenye pimamaji kikatulia katikati.
Shivachi akaning'inia, miguu juu,
kilo zake themanini na ushei.
Chuma kikanyamaza.

Baba hakuridhika. Akaagiza kamba iletwe kutoka stoo,
ile kamba, ingali na harufu ya ng'ombe,
akaipiga fundo ambalo sikuwahi kujifunza,
akavuta kwa mwili wote uliombakia.
Ukuta haukujibu.
"Sawa," akasema, akihema. "Mlipe."

Leo alfajiri nimekaa jikoni, chai inapoa.
Nasikia maji. Nasikia mluzi,
ule wa kumwita fahali aliyekwisha kufa.
Kisha kitu kinaanguka. Pa!
Mluzi unakatika.
Nimeshasimama, kikombe kimemwagika,
moja, mbili, tatu,

"Kaa chini," inasema sauti ndani ya mvuke.
"Ni sabuni."