Kizingiti

Usiku wa kikao, ukumbi wa manispaa ya Almira ulinuka kahawa iliyolala
na zulia lililooshwa bila kukaushwa.
Nje, bonde la Kalifonia lilikuwa digrii arobaini na moja, saa moja jioni,
na mlozi wa mwisho wa barabara ya Kern umekauka upande mmoja.

Namba ile niliiandika mimi.
Tani elfu tatu za gesijoto kwa mwaka.
Chini yake mradi unapita.
Juu yake mradi unakalishwa kitako,
unaambiwa vua shati, vuta pumzi, kohoa.

Niliipata vipi? Niliazima ya mji wa jirani,
nikapunguza, nikaongeza, nikala mkate juu ya makaratasi,
kisha nikaizungushia duara kwa wino mwekundu.
Duara lilikaa vizuri. Nikaenda kulala.

Kupima moshi si kupima mchele.
Hauingii kwenye pishi, haufungwi mdomo kwa kamba.
Unahesabu malori, taa, majokofu,
unazidisha kwa kipimo cha mtu usiyemjua,
na mwishowe unapata uzito wa kitu kisichoonekana
kwa desimali mbili,
kana kwamba kuna aliyekibeba mgongoni.

"Mbona elfu tatu?" aliuliza Pa Nhia Lor,
mkulima wa mchaichai, kucha bado zina udongo.
"Mbona si elfu moja?"
Diwani Ostergard, anayeishi ng'ambo ya mfereji, akatazama saa.
Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi,
na huu hata huo usufi hauna.
Nikajibu nilivyofunzwa: ushahidi wa kutosha,
wadogo wasibebeshwe gharama za wakubwa.
Maneno yalinitoka kama risiti.

Hakuketi.
"Kwetu Wahmong mlango una mwenyewe," alisema.
"Kizingiti hatukikanyagi, tunakiruka kwa heshima.
Ninyi mmechonga cha kwenu
kifupi makusudi, mrukaji asikunje goti."
Kengele ya dakika tatu ikalia.
Kura: wanne kwa mmoja.

Faili la kwanza lilikuja Februari.
Ghala, milango tisini na sita ya malori.
Tani elfu mbili mia tisa tisini na moja.
La pili: elfu mbili mia tisa themanini na saba.
La tatu, kiwanja cha pembeni, jina jipya la kampuni,
sahihi ileile yenye mkia:
elfu mbili mia tisa tisini na sita.
Kila moja lilikuja peke yake, kama yatima,
likasimama mbele ya meza yangu kwa adabu.
Kibaba kilikuwa kinajaa
na fomu haina mstari wa kuandika kibaba.

Aprili Pa Nhia akaja dirishani.
Hakuleta hoja. Alileta daftari la shule la mjukuu wake,
Tou, ambaye pampu yake ya pumu ilikuwa imechora duara mfukoni mwa jaketi.
Kurasa arobaini za vijiti, vinne na kimoja cha kukata,
kuanzia saa kumi alfajiri, ghala la kwanza.
Faili liliahidi malori mia na kumi kwa siku.
Vijiti vilisema mia na sabini na nne.
"Sijui kuzidisha kwenu," alisema. "Zidisha wewe."

Faili la tatu lilikuwa wazi, limetumia ahadi ileile.
Nilizidisha. Nikafuta, nikazidisha tena,
polepole, nikitumaini kukosea.

Elfu nne na mia mbili, na ushee.

Dirishani foleni ilikuwa imefika mlangoni:
mwenye kibali cha uzio, mwenye mbwa, mwenye bwawa.
Muhuri ulikuwa mkononi, umeshaloa wino.
Niliuweka chini, palipo patupu,
ukaacha duara jekundu juu ya meza
ambalo hadi leo wafagizi wanalisugua.