Rangi Mbichi

Profesa kule Dhaka anataka jedwali:
mabomba mia nne na kumi,
jekundu lina aseniki, la kijani salama.
Mahfuza anahesabu kwa miguu, viatu mkononi,
tope la Chandpur hadi magotini.

Bomba la mia tatu na sita
juzi lilikuwa jekundu.

"Washenga wanakuja Ijumaa," mama anamnong'oneza,
akificha viganja vyenye sugu nyeusi.
"Nani ataposa nyumba yenye bomba jekundu?"

Mwaka mzima wa uzamili,
takwimu, maadili ya utafiti, mtihani juu ya mtihani,
na hakuna safu ya kuandika hilo.

Chai ikaletwa.
Akainywa, asiulize maji ya wapi.

Kwenye fomu, penye rangi,
pamebaki alama ya kidole chake.
Kijani.