Saa Sita za Kujihami

Hakimu alinipa siku tisini.
Lipa faini, alisema, rekodi yako ibaki na doa,
au kakae darasani saa sita
ujifunze udereva wa kujihami.
Chuo chagua mwenyewe, Bi Hruska.
Akagonga muhuri, akaita mwingine.

Mimi, miaka sitini na minane,
nusu karne nyuma ya usukani,
nimebeba pamba, nimebeba ndama,
nimebeba jeneza la mume wangu kwenye pikapu
kwa kuwa ndivyo alivyotaka,
na sijakwaruza hata kioo cha pembeni.

Nikakaa mezani na orodha ya mahakama,
kurasa nne, herufi kama sisimizi.
Vyuo vingi kuliko makanisa,
na hapa Lavaca, Texas, makanisa si haba.

Kimoja kina mchekeshaji:
utacheka mpaka cheti kitoke, na piza bure saa saba.
Kingine huhitaji hata kutoka kitandani,
unabonyeza, unabonyeza,
ukikaanga vitunguu saa zinahesabika vilevile.
Binti yangu Darlene akasema, Mama, hichohicho,
dola ishirini na tano, umemaliza.
Na watu husema ajali haina kinga!
Kumbe inayo, tena inauzwa kwa punguzo.

Sikumwambia Darlene habari ya mkoba wa njano.

Nilikuwa kwenye maili arobaini na moja
palipoandikwa ishirini,
nawaza bei ya nyasi kavu,
na mvulana alikuwa ameshashusha mguu barabarani.
Akaurudisha.
Ndiyo hivyo tu. Akaurudisha.
Mkoba ukapepea, njano, kwenye kioo changu,
kisha kikaja king'ora cha polisi
nami nikakishukuru, Mungu anajua,
kwa kunipa sababu ya kusimama.

Basi nikapiga simu, chuo kwa chuo,
na swali moja:
Mnafundisha nini kuhusu mtoto ambaye hukumgonga?

Wa mchekeshaji alicheka. Ndiyo kazi yake.
Wa kitandani hakuwa mtu, ilikuwa sauti ya mashine:
kwa malipo, bonyeza moja.
Mwanamke wa Victoria alinisomea vifungu vya sheria
taratibu, kama anayemlisha mgonjwa uji.

Wa mwisho alipokea mlio wa tisa.
Nyuma yake nati zilikuwa zikifunguliwa kwa kelele,
maana darasa lake liko uani kwa duka la matairi.
Orville Zapalac. Zamani dereva wa ambulensi.
Nikauliza. Akanyamaza
mpaka nikadhani laini imekatika.
Kisha akasema: Alikuwa amevaa nini?

Viti vyake ni vya chuma, kahawa yake ni adhabu,
bei yake imewazidi wenzake kwa dola kumi na tano.
Tulikuwa saba Jumamosi ile.
Alichora magari mawili ubaoni, vibaya, kama viatu,
na kati yake akaacha nafasi.
Hii, alisema, ndiyo bidhaa yangu yote.
Sekunde tatu. Tupu.
Mtu akiingia humo usimtukane,
rudi nyuma, tengeneza nyingine.
Kijana mmoja akauliza: Na wakizidi kuingia?
Utachelewa, akasema Zapalac,
akaenda kuchemsha kahawa tena.

Nilirudi kwa barabara ya sabini na saba
nikihesabu kwa sauti kama mtoto wa chekechea:
elfu na moja, elfu na mbili.
Lori la ng'ombe likaingia kwenye nafasi yangu.
Nikalegeza mguu.
Pikapu nyekundu ikaingia.
Nikalegeza.

Cheti kiko kitini pembeni, wino haujakauka vizuri,
na mbele ya shule, Jumamosi, saa kumi na moja jioni,
hakuna mtoto hata mmoja,
natambaa kwa ishirini
huku nyuma yangu mtu anapiga honi, anapiga honi.