Kimo cha Mlango

Kalunde Mgalula aliingia masjala akinuka moshi wa kurina,
daftari kwapani, jalada limeliwa na mchwa pembeni.
"Andika," akaniambia. "Shigela wa Kahama.
Asali, madebe mia nne na sita. Lori lake, Ijumaa.
Nilipomfuata hela, alicheka."

Nikajumlisha. Nikarudia,
maana kikokotoo cha ofisi kitufe cha saba kimekufa.

Mama, nikasema, deni lako ni refu kuliko mlango wetu.
Hapa Sikonge, Mahakama ya Mwanzo, tuna kimo kwa shilingi.
Kinachozidi kinapanda Tabora mjini
kwa hati iliyochapwa, kwa wakili, kwa ada,
kwa nauli, kwa "rudi tarehe kumi na nne".

Akanitazama kama fundi anayempimia sanda.
"Kwa hiyo angenidhulumu kidogo
ningesikilizwa leo?"

Sikujibu. Kazi yangu ni muhuri.

Halafu nikanong'ona, na hili karani hatumwi kulisema:
unaweza kuinama.
Samehe kinachozidi, utapita.
Ila ukishakisamehe kimekwenda,
hutakidai tena, hapa wala kwingine.

Akaomba kalamu.
Akakaa kwenye benchi la mashahidi, akafungua daftari magotini.
Ya Kitunda aliyagusa, akayaacha:
wenyewe wanasubiri ada ya shule.
Ya mjane wa Ipole aliyaruka bila kuyatazama.
Alipofika kwenye mizinga yake mwenyewe, ile thelathini
aliyoipandisha mitini kwa kamba
mwaka ule mumewe alipoanguka kutoka kwenye mninga,
akakata yote kwa mstari mmoja, bila rula.

Haikutosha.
Akakata faida.
Akakata nauli ya Kahama, mara tatu kwenda na kurudi.
Akakata madebe yenyewe, yale matupu,
ambayo Shigela hakuyarudisha.

Ikabaki mia tano chini ya kiwango.
Nikamwambia, hii nayo iongeze, ni haki yako.
"Iache," akasema. "Ni nafasi ya kilemba."

Nikagonga muhuri. Karatasi ikang'ang'ania meza;
kidole chake kilikuwa na asali.

Nimekaa hapa miaka kumi na tisa.
Mlango huu naupita asubuhi na jioni,
na mshahara wangu haujawahi kugusa juu.
Jioni ile, nikifunga, nilijikuta nimeinama,
ufunguo mkononi, sijui nampisha nani.