Nusu Mtu

Karani, usinitazame hivyo. Nina sitini kamili.
Karatasi yako inasema hamsini na nane,
na karatasi yako haikudanganya, ilidanganywa.
Aliyeidanganya ni mama yangu, Thirza Penhale,
asubuhi ya mvua mjini Truro, mwaka wa sabini na nne,
mbele ya wakala mwenye mafua
aliyepangusa pua kwa mkono ule ule wa kuandikia.

Tangazo lilibandikwa ukutani mwa kanisa:
Nyuzilandi, nyama kila siku,
ardhi kwa mwenye bidii, serikali itachangia nauli.
Bei ya bati ilikuwa imeporomoka.
Baba alitoka shimoni na njaa ile ile aliyoingia nayo.

Wakala alisoma kanuni bila kuinua kichwa.
Mtu mzima, mmoja.
Chini ya miaka kumi na miwili, nusu.
Mtoto wa kubebwa, si kitu.

Mimi nilikuwa na kumi na tatu na miezi.
Mama akanikandamiza bega,
nikakunja magoti ndani ya gauni.
"Kumi na mmoja," akasema,
na pauni mbili na nusu zikabaki mfukoni mwetu.

Hivyo ndivyo nilivyovuka.
Nusu ya mkate, nusu ya maji, nusu ya ubao wa kulalia,
siku mia moja na nne ndani ya Clarinda,
mwili mzima ukila posho ya nusu mtu.
Tangu hapo sijapata kushiba. Waulize majirani.

Jabez alikuwa na miezi saba.
Tulipopita kusini mwa Rasi, surua ilishuka ngazi, ikachagua.
Mshona tanga alimfunga kwa kipande cha turubai kilichobaki,
akamtia mnyororo miguuni
ili aijue njia ya chini.

Bandarini Lyttelton baba aliuliza, kwa sauti ndogo,
kama deni litapungua.
Afisa alifungua daftari. Hakuwa mtu mbaya.
Kidole chake kiliteremka mstari kwa mstari, kikasimama.
"Huyu aliandikwa sifuri, Penhale.
Ukiondoa sifuri, hakuna kinachopungua."
Tulipanda wawili na nusu, tukashuka wawili na nusu.
Daftari lililingana.
Mama hakulia pale. Alilia mwezi wa nne,
kwa ajili ya sufuria iliyokatika mkono.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Baba alipewa sepeto siku ya kwanza,
kabla ya kuonyeshwa pa kulala,
akapelekwa uwanda wa Rakaia kulaza reli.
Ile ardhi ya tangazo? Ilikuwapo.
Tuliipita kwa miguu. Ilikuwa na waya na kondoo.

Kivukoni alikuwapo Hinekura, mama wa Kimaori, akiuza viazi.
Mto tulioambiwa hauna jina
yeye alikuwa na jina lake kwa kila kona,
akinitajia huku anapima.
Nikamwuliza, kitoto tu, bila adabu:
ninyi mliandikwa mmoja, au nusu, au sifuri?
Alinitazama muda mrefu.
Kisha akaniongezea kiazi juu ya kipimo,
kikubwa, chenye udongo bado,
na hakunijibu mpaka leo.

Nilipelekwa kwa Bibi Farquharson kuosha vyombo,
mshahara wa mtoto, kwa kuwa karatasi ilisema mtoto.
Niliolewa kwa umri wa karatasi.
Nilimzika mume kwa umri wa karatasi.
Ila magoti, karani, magoti yana sitini,
hayakuwahi kusoma.

Najua, kanuni ni kanuni.
Ile miaka miwili serikali ilitukopesha,
na leo imekuja kuichukua.
Basi nipe nusu ya pensheni.
Nimeizoea.

Na ukiona nafasi hapo chini,
au hata pembeni, penye doa la wino,
andika Jabez.
Si kwa hesabu.
Andika tu.