Nyumba Imepanda Futi Sitini

Sanga alikipima kwa kilo,
pamoja na sufuria iliyotoboka na bawaba za mlango.
Mizani yake pale Mwanjelwa haijui tofauti
ya chombo kilichokaa mbele ya rubani
na chombo kilichosonga ugali.
"Saa hii mbovu," akasema, "ina mishale mitatu.
Sijui huko ilikotoka siku ilikuwa na saa ngapi."
Nikalipa elfu nne na mia tano. Sikumwambia si saa.

Nyumbani, Subilaga akatandika gazeti
kabla sijafika mezani. Ananijua.
Usukani wa ndege ya kunyunyizia ngano dawa
ulikwisha kuchukua kiti cha wageni;
dira iliyokauka maji yake inatazama ukuta,
kaskazini yake imegandia kwenye kalenda ya mbolea.

Parafujo nne. Moja imeota kutu.
Nikainywesha mafuta ya taa usiku wa kwanza, wa pili,
nikaibembeleza kama mtoto anayekataa uji,
siku ya tatu ikasema kri, ikalegea.
Ndani: vumbi jekundu, bawa moja la kumbikumbi,
na kibweta cha shaba, chembamba kama ganda la kitunguu,
kilichokuwa kikipumua kwa niaba ya watu.

Mpira wa kuziba nilikata kwenye tyubu ya baiskeli.
Springi, unywele mtupu, nilipewa na Lugano, fundi saa wa Sido,
ambaye naye hushikilia kuwa ni saa.
Nikachomeka mrija wa soda nyuma, nikanyonya kidogo
(taratibu! ukivuta kwa pupa utaupasua moyo wake),
mishale ikatetemeka, ikapanda
futi mia tano, futi elfu,
mimi nimeketi, miguu chini, soksi moja ina tundu.

Sijawahi kupanda ndege.
Nilizisikia tu zikitua ule uwanja wa zamani
katikati ya mji, kabla hawajahamia Songwe,
vikombe vya mama vikigongana kabatini,
nasi tukikimbilia uzio
kuona kivuli chake kitamkanyaga nani.

Rangi ya tarakimu ilikuwa iking'aa gizani.
Haing'ai tena, na sitaikwangua:
ina sumu, wanasema, sumu yenye subira.
Nimeifungia chini ya kioo, ibaki na siri yake.
Lakini kifundo cha kurekebishia
meno yake yamelika upande mmoja tu.
Gumba la mtu. Kila alfajiri, kabla ya kuruka,
alikiuliza: leo ardhi iko wapi?
Gumba langu huingia humo, na nafasi hubaki.

Jana nililala kikisoma elfu tano mia tano na themanini.
Leo nimeamka kinasoma elfu tano mia sita na arobaini.
Nyumba imepanda futi sitini usiku,
na bati lake, na banda la kuku, na Subilaga akikoroma,
wala hakuna aliyefunga mkanda.

Nikatoka. Mama Tupokigwe anatandaza maharage uani,
jua kali, Loleza hauna hata kilemba cha wingu.
"Usianike," nikamwambia. "Tumepaa."
Akanitazama vile mtu humtazama mume wa jirani,
akaendelea kutandaza.

Saa nane tukawa tunazoa maharage kwa mikono sita,
mvua ikitupiga migongoni,
na yeye hakusema neno.

Siku hizi huja na beseni, husimama mlangoni,
haulizi hali, haulizi watoto:
"Baba Ambakisye, tumeamka wapi?"
Nami hugonga kioo kwa ukucha, mara mbili,
nikausubiri mshale utulie.

Ubao wa vyombo una matundu saba. Nimeziba manne.
La tano ni la kipima mafuta; hicho bado sijakipata.
Juzi usiku Subilaga alichungulia humo kutoka upande wa pili,
jicho moja tu, limezungukwa na bati,
akaniuliza yamebaki kiasi gani.

Mafuta ya taa, alimaanisha.
Nadhani.